Mkanyagaji

Shangazi Dorcas alinunua sahani pwani, Scarborough,
kwa mtu mwenye meza, mwavuli na kitabu cha majina.
Ukitaja lako anafunua, analamba kidole, anasema: mna bahati.
Sahani ina simba wa manjano, mguu mmoja juu,
kama anayepima joto la maji ya kuoga.
Chini yake, kwa herufi za dhahabu: Walker.
Miaka thelathini tumekula nyama ya Jumapili mbele yake
tukijihesabu wana wa simba.

Baba hakuhitaji simba.
Jina lile kila mtu hulisikia vivyo hivyo: mtembezi.
Naye alikuwa mpeleka barua, maili kumi na moja kwa siku,
kutoka bondeni hadi mashamba ya juu, mvua ikimpiga ubavuni,
mbwa wa kila lango akimjua kwa kishindo.
Mwenda bure si mkaa bure,
na yeye hata bure hakwenda: alilipwa kila Ijumaa.

Kisha sukari ikapanda, kidole kikawa cheusi,
na Machi ile wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.
Baa nzima ilicheka, kwa upendo, lakini ilicheka:
Mtembezi hatembei.
Akacheka nao.
Nyumbani akaigeuza sahani ikatazama ukuta.

Ndipo nikaenda Wakefield, kwenye nyumba ya kumbukumbu.
Nikapewa penseli, mto wa kulazia kitabu, na ukimya.
Nikarudi nyuma jina kwa jina,
kama anayeshuka ngazi gizani
akitafuta kila kidato kwa unyayo.
Herufi zilikuwa zimelewa: Walker, Wawker, Walkere;
karani mmoja mwenye haraka, au mafua, aliandika Waker.
Enoch, mfumaji. Jonas, maskini wa parokia.
Tamar, aliyetia msalaba badala ya sahihi,
msalaba uliolegea kama mkasi mbovu.
Na chini kabisa, katika orodha ya kodi
ya mfalme fulani aliyetaka fedha za vita:
Thurstan na mkewe Avice, peni nne.

Thurstan hakwenda popote.

Neno lile, katika kinywa cha zamani, halikuwa kutembea.
Lilikuwa kukanyaga.
Alisimama ndani ya hori, mapaja wazi,
akakanyaga sufu iliyotoka kwenye kitanda cha mfumi,
legelege, ingali na mafuta ya kondoo,
ndani ya mkojo uliovunda,
mkojo wa mtaa mzima, uliokusanywa mlango kwa mlango,
hata wa padri, naamini,
mpaka nyuzi zikashikana, kitambaa kikajikunja, kikawa kizito,
kikaweza kumkinga baridi mtu ambaye hatamwona kamwe.
Kutwa. Pale pale.
Maili kumi na moja ndani ya sanduku.

Kisha mto ukafungwa gurudumu.
Nyundo za mbao zikakanyaga usiku na mchana
bila kudai mkate.
Miguu ikaachishwa kazi.
Jina halikuambiwa. Likaendelea na safari peke yake,
halina miguu, halina hori,
mpaka likamfikia mtu mwenye mfuko wa barua.

Nilimsimulia Baba haya hospitalini, waliporudi kumlaza.
"Mkojo?" akauliza.
"Mkojo, Baba."
Alicheka hadi akakohoa, hadi muuguzi akachungulia.
"Nenda kaigeuze ile sahani," akasema,
"sasa nimejua kwa nini simba kainua mguu."

Usiku nililala kitini. Saa nane hivi nikazinduka.
Blanketi la sufu nililomletea kutoka nyumbani
lilikuwa linasogea upande wa chini:
mguu uliobaki, usingizini,
ukikanyaga, polepole, ukikanyaga,
na kando yake, mahali palipo patupu,
blanketi nalo
likitikisika kidogo.